Dar es Salaam hadi Mwanza kwa ndege: umbali, muda wa safari na maswali mengine yanayoulizwa mara kwa mara

Hesabu zote za umbali wa angani hapa chini zimepimwa uwanja hadi uwanja. Saa za ratiba hubadilika kila msimu, kwa hiyo tiketi yako ndiyo yenye kauli ya mwisho.

Kutoka Dar hadi Mwanza ni kilomita ngapi kwa ndege?

Karibu kilomita 850. Ukitaka usahihi zaidi, mstari ulionyooka kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere (DAR) hadi Uwanja wa Ndege wa Mwanza (MWZ) ni kilomita 852. Marubani huhesabu kwa maili za baharini, na kwao safari hii ni maili 460.

Wengi hudhani ndege inafuata barabara, yaani Morogoro, Dodoma, Singida, kisha Shinyanga. Sivyo. Mstari ulionyooka unaiacha Dodoma mbali upande wa kusini. Unapita juu ya Kilindi na Kiteto, unaukaribia Mlima Hanang, unavuka Meatu, halafu unashuka Usukumani hadi ziwani. Njia halisi ya siku hiyo inaweza kupinda kidogo kwa sababu waongoza ndege huzipanga ndege kwenye njia zao za angani, lakini hayo ni ya kilomita chache tu.

Mbona nikitafuta mtandaoni napata namba tofauti: 850, 1,140, hadi 1,220?

Zote zinaweza kuwa sahihi, ila kila moja inajibu swali lake.

850 ni angani. 1,140 hivi ni barabara: Dar hadi Dodoma peke yake unakata kama kilomita 450, Dodoma hadi Singida 240 hivi, kisha Igunga, Nzega, Tinde, Shinyanga na Misungwi. 1,220 hivi ni reli ya zamani, kwa sababu treni inakwenda hadi Tabora kwanza ndipo inakunja kwenda kaskazini.

Hiyo kona ya Tabora ina historia yake. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati Dar mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Walikuwa wanalitafuta Ziwa Tanganyika. Tawi la kwenda Mwanza lilikuja baadaye, enzi ya Waingereza, likakamilika mwaka 1928. Ndiyo maana mpaka leo anayekwenda Mwanza kwa reli anapelekwa kwanza magharibi, ndipo anapandishwa kaskazini. Ndege haina deni hilo kwa mtu yeyote.

Kuna tovuti nyingine zinazokuambia "muda wa kuruka ni saa moja na dakika 34" kana kwamba kuna mtu amekaa na saa mkononi. Nyingi huchukua umbali, zikaugawanya kwa kasi ya kukadiria kama kilomita 800 kwa saa, zikaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kwa njia hii jibu linatoka karibu na ukweli, lakini ni kwa bahati, maana hesabu hiyo haijui umepanda ndege ya aina gani.

Ndege yenyewe inachukua muda gani?

Inategemea umepanda nini.

Ukipanda jeti, mfano Airbus A220 au Boeing 737 za Air Tanzania, ratiba huandika kama dakika 85 hadi 90. Ndege za aina hii zikishatulia juu hukimbia kwa kilomita 800 na zaidi kwa saa, kwa hiyo muda wa kuwa angani hasa ni kama dakika 70 hadi 75.

Ukipanda Bombardier Q400, ile ya panga boi, kasi yake ni kilomita 600 na kitu kwa saa, na ratiba husogea kuelekea saa mbili. ATR, ambazo Precision Air imezitumia miaka mingi, ni za polepole zaidi, kilomita 500 hivi kwa saa. Kwa ATR hesabu saa mbili kamili, na usishangae zikizidi kidogo.

Kwa hiyo kati ya jeti na panga boi tofauti ni nusu saa tu, ikizidi sana dakika 40. Mtu anayeghairi tiketi nafuu ya panga boi kwa sababu "inachelewa" anapaswa kujiuliza hizo dakika 40 anazipeleka wapi. Panga boi haipandi juu sana kama jeti, basi siku yenye mawingu mazito mtikisiko unausikia zaidi. Hiyo ndiyo sababu ya maana ya kuchagua jeti, hasa kwa mwenye tumbo jepesi.

Tiketi inasema dakika 90, rubani anatangaza dakika 70. Nani mkweli?

Wote wawili. Ratiba huhesabu tangu ndege inaposogea pale ilipoegeshwa Dar hadi inaposimama kabisa Mwanza. Ndani yake kuna kusukumwa nyuma, kutembea hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kungoja zamu, na baada ya kutua kutembea tena hadi mahali pa kuegesha. Rubani anakutajia muda wa angani peke yake, tangu magurudumu yanapoacha lami hadi yanapoigusa tena.

Mashirika pia huweka dakika chache za akiba kwenye ratiba. Ndiyo maana mara nyingine ndege inaondoka imechelewa dakika 10 na bado inafika kwa wakati, abiria wakampigia rubani makofi. Makofi ayapokee, lakini sehemu yake ni ya aliyepanga ratiba.

Kwenda na kurudi ni muda sawa?

Karibu sawa. Huku kwetu karibu na ikweta upepo wa juu hauna nguvu kama ule wa Ulaya au Marekani, ambako safari ya kwenda inaweza kuipita ya kurudi kwa saa nzima. Juu ya Tanzania upepo mwingi unatoka mashariki, kwa hiyo anayekwenda Mwanza husukumwa kidogo mgongoni na anayerudi Dar hukabiliana nao. Ni dakika chache tu.

Kinachofanya kurudi kuonekane kurefu mara nyingi ni foleni ya kutua Dar. Uwanja wa Dar una ndege nyingi kuliko wa Mwanza, na ukifika saa ambayo ndege zinapishana mtazungushwa angani kidogo kungoja nafasi.

Ndege inayopitia Kilimanjaro (KIA) inaongeza umbali kiasi gani?

Umbali unaongezeka kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Dar hadi KIA ni kama kilomita 450, na KIA hadi Mwanza ni kama 473. Jumla 923, yaani umezidisha kilomita 70 tu juu ya safari ya moja kwa moja.

Muda ndio unaopotea. Kushuka, kutua, abiria wa KIA kuteremka na wengine kupanda, mizigo kutolewa na kuingizwa, kisha kupaa upya, hayo yanakula karibu saa nzima hata kila kitu kikienda vizuri. Kabla ya kulipa, angalia sehemu iliyoandikwa idadi ya vituo. Zaidi ya yote, linganisha saa ya kuondoka na saa ya kufika: ukiona zimeachana kwa saa mbili na nusu au zaidi, kuna mahali mnatua.

Tiketi imeandikwa 06:00. Hiyo ni saa ngapi?

Saa 12 asubuhi. Tiketi zote hutumia saa 24 zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane, nasi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza au kuzama. Ondoa 6: 07:10 ni saa 1 na dakika 10 asubuhi, 13:45 ni saa 7 na dakika 45 mchana, 18:40 ni saa 12 na dakika 40 jioni (kwa saa za jioni unatoa 6, unapata 12), na 20:15 ni saa 2 na robo usiku, ambapo unatoa 18.

Hili linaonekana dogo, lakini ndilo linalowaachisha watu ndege kuliko foleni ya Tazara, kwenye njia ya uwanjani. Mzee anapigiwa simu na kijana wake: "Baba, ndege yako ni saa saba na dakika kumi." Kijana amesoma 07:10 kama ilivyo. Baba anakunywa chai yake taratibu, anaaga majirani, anafika uwanjani saa 5 asubuhi akijua amewahi sana, kumbe ndege imeshafika Mwanza muda mrefu. Ukimkatia mtu tiketi, mwandikie ujumbe kwa maneno: "saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumanne". Neno "asubuhi" lisikosekane.

Hatari nyingine ni tarehe. Ndege za ndani za usiku wa manane si nyingi, lakini zikichelewa au ukiwa unaunganisha na ndege ya nje utakutana na kitu kama 00:30 tarehe 15. Hiyo ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Maana yake unatoka nyumbani tarehe 14 jioni. Anayekwenda uwanjani tarehe 15 usiku amechelewa kwa siku nzima kasoro dakika.

Je, kuna tofauti ya saa kati ya Dar na Mwanza?

Saa ya ukutani hapana. Tanzania nzima inatumia saa moja, UTC+3, kwa hiyo saa ya kufika iliyo kwenye tiketi huhitaji kuibadilisha.

Jua ndilo lenye tofauti. Mwanza iko magharibi ya Dar kwa nyuzi 6 na kitu za longitudo, na kila nyuzi moja ni dakika 4, kwa hiyo jua la Mwanza linachelewa kama dakika 25. Mwezi wa Juni kuzama kwake kunachelewa zaidi, hata kupita nusu saa, na Desemba pengo linapungua hadi dakika 17 au 18 hivi. Mtoto wa Dar akifika Mwanza kwa mara ya kwanza hushangaa saa 12 na nusu jioni bado kuna mwanga wa kutosha kucheza mpira.

Kwa wanaofunga Ramadhani jambo hili ni la kweli kabisa. Ukiondoka Dar saa 11 na nusu jioni, wenzako uliowaacha watakuwa wamekwishafuturu wakati wewe jua unaliona dirishani. Unalifuata linakozama, na ukiwa juu kule linaonekana kwa muda mrefu zaidi kuliko kwa aliye chini. Anayefunga hufuata jua la mahali alipo, si adhana ya Kariakoo. Weka tende na maji kwenye mkoba wa mkononi, maana mhudumu anaweza kuwa ameshakusanya vikombe kabla wakati wako haujafika. (Maji ya chupa yanunue baada ya ukaguzi.)

Niondoke nyumbani saa ngapi?

Kwa ndege ya ndani fika uwanjani dakika 90 hadi saa mbili kabla. Kaunta ya kupokea abiria na mizigo hufungwa mapema, kwa kawaida kati ya dakika 30 na 60 kabla ya kuondoka kutegemea shirika, na ikishafungwa hata ndege ukiiona kwa macho pale nje haitakusaidia.

Upande wa Dar, uwanja uko kama kilomita 12 kutoka katikati ya jiji, kwenye Barabara ya Nyerere. Kilomita 12 alfajiri ni dakika 20. Kilomita zile zile saa 11 jioni zinaweza kuwa saa nzima na zaidi. Anayetoka Bunju, Mbezi ya Kimara au Mbagala aongeze kwa kadiri anavyoijua barabara yake, na siku ya mvua aongeze tena. Hakikisha pia jengo lako ni lipi. Uwanja una majengo matatu ya abiria, la tatu lilianza kazi mwaka 2019, na kutoka moja hadi jingine si umbali wa kukimbia na begi. Soma tiketi, mwambie dereva kabla hamjaingia getini.

Upande wa Mwanza mambo ni mepesi. Uwanja uko Ilemela, kama kilomita 10 kaskazini ya mjini, unapita Kirumba na Pasiansi. Daladala zipo, bajaji zipo, na anayekaa Ilemela anaweza kutoka nyumbani baada ya kusikia ndege ikitua (nisingemshauri, lakini wapo wanaofanya hivyo). Wa Buhongwa na Nyegezi wako upande wa pili wa jiji, hao wahesabu saa nzima.

Jumla, mlango hadi mlango, safari ya "dakika 90" ni kama saa 5 kwa mtu wa Dar. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na basi, siyo ile ya kwenye tiketi.

Basi linachukua muda gani, na lini lina faida?

Saa 16 hadi 18 kwa kawaida. Hesabu yake si ngumu: mwendo wa juu wa basi ni kilomita 80 kwa saa, na mabasi yamefungwa kifaa cha LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) kinachoripoti mwendo. Kilomita 1,140 kwa 80 ni zaidi ya saa 14 bila kusimama popote. Ongeza vijiji vyote vyenye kibao cha 50 na trafiki mwenye tochi, mizani ya Vigwaza na Mikese, chakula cha mchana, kuchimba dawa, na kupanda na kushuka Sekenke nyuma ya malori.

Zamani mabasi yalikuwa hayaruhusiwi kukimbia usiku kucha, kwa hiyo ya Mwanza yote yalitoka alfajiri. Tangu mwaka 2023 safari za usiku zimeruhusiwa tena, na anayetaka kulala njiani akaamkia Shinyanga anaweza. Dar unapandia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Mwanza unashukia Nyegezi au Nyamhongolo, kutegemea kampuni.

Basi lina faida ya kweli pale mnaposafiri familia nzima, au una mzigo mkubwa, au unashukia njiani. Mtu wa Igunga au Nzega hana sababu ya kuruka hadi Mwanza halafu arudi nyuma kwa basi. Faida nyingine ni kwamba nauli ya basi inapangiwa ukomo na LATRA kwa kilomita, kwa hiyo unajua takriban utalipa kiasi gani hata ukikata tiketi jana yake. Bei ya ndege inapanda kadiri siku inavyokaribia. Desemba, watu wa Kanda ya Ziwa wanaporudi nyumbani kwa sikukuu, tiketi ya ndege iliyokatwa siku mbili kabla inaweza kukutoa machozi.

Kwa mtu mmoja mwenye begi moja, anayetakiwa kazini kesho, na aliyekata tiketi mapema, mimi ningepanda ndege bila kujiuliza mara mbili.

Na treni ya SGR (reli ya kisasa) je?

Treni ya umeme imeanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata. Inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa, na ile ya haraka inafika Dodoma kwa saa tatu na nusu hivi. Reli inajengwa kwa vipande kuelekea Mwanza kupitia Tabora na Isaka, jumla kama kilomita 1,219 kwa njia kuu. Mpaka hapo vipande vitakapounganika, wapo wanaochanganya: SGR hadi Dodoma, kisha basi hadi Mwanza, kilomita kama 690 zilizobaki. Unaokoa saa chache za barabarani, hasa ile sehemu ya Chalinze na Morogoro yenye malori mengi, lakini unahama na mizigo katikati ya safari. Kwa mwenye mabegi matatu na watoto wawili sioni kama inalipa.

Reli ya zamani ya kupitia Tabora ni ya mtu asiye na haraka kabisa. Ni zaidi ya siku nzima njiani.

Mvua za Mwanza zinachelewesha ndege?

Ndiyo, na zina tabia yake. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko ziwa, hewa inavuma kutoka pande zote kuelekea majini, inakutana juu ya ziwa na kupanda, na hapo radi zinazaliwa. Ndiyo maana Ziwa Victoria lina mvua kubwa za usiku na alfajiri wakati bara mvua nyingi hunyesha alasiri. Kwa abiria maana yake ni kwamba msimu wa vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei, ndege ya kwanza ya asubuhi inaweza kukuta wingu jeusi limekaa juu ya uwanja.

Rubani ana njia tatu: kuzunguka angani kungoja wingu lisogee, kwenda kutua kwingine kama KIA, au kurudi Dar. Mafuta ya kufanya hayo yanabebwa kila safari, ni sheria. Dhoruba hizi mara nyingi hupita ndani ya saa moja au mbili. Kama una kikao Mwanza saa 4 asubuhi mwezi wa Novemba, nenda jana yake jioni.

Nikae upande gani wa dirisha?

Kwenda Mwanza, Hanang (mita 3,400 na ushee) iko kushoto na Ziwa Eyasi liko kulia. Kurudi ni kinyume chake. Kukiwa na mawingu huoni kitu, na mara nyingi yapo. Ukibahatika ndege ikatua kwa kutokea upande wa ziwa, maji yanaonekana chini yako hadi karibu kabisa na lami, na mgeni hudhani mnaingia majini. Panga boi zina mabawa juu ya madirisha, kwa hiyo kila kiti kinaona chini. Kwenye jeti epuka safu za katikati ya ndege, bawa litakuziba.

Je, ni kweli Mwanza iko karibu zaidi na Nairobi kuliko Dar?

Kweli kabisa, na kwa mbali. Mwanza hadi Nairobi kwa anga ni kama kilomita 460. Entebbe ni 280 hivi, Kigali 315, Bujumbura 414. Kwa hiyo miji hiyo yote ya majirani iko karibu na Mwanza kuliko ilivyo Dar. Lakini ukaribu wa ramani haukupi ndege. Kama hakuna shirika linalokwenda moja kwa moja siku hiyo, utajikuta unaunganisha kupitia Dar au KIA, na safari ya kilomita 315 kwenda Kigali inageuka ya nusu siku.

Mwanza si mwisho wa safari yangu. Niongeze muda gani?

Geita ndiyo imefaidika zaidi. Zamani ulifika Kigongo ukakuta foleni ya kivuko, ukanunua mahindi ya kuchoma, ukangoja. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025 na sasa unavuka kwa dakika chache. Uwanjani hadi Geita mjini weka saa mbili hadi mbili na nusu.

Musoma ni kama kilomita 220 kwa lami. Ukerewe ni boti, saa tatu hivi hadi Nansio, na boti haikungoji: ukitua baada ya boti ya mwisho kuondoka unalala Mwanza. Bukoba kwa anga ni kilomita 175 tu kutoka Mwanza, dakika 40 na kitu, au meli inayosafiri usiku na kukufikisha asubuhi.

Naweza kurudi Dar na samaki?

Unaweza, na ukisimama kwenye kaunta ya Mwanza jioni ya Jumapili utaona hupo peke yako. Mbele yako kuna boksi la sato limezungushwa gundi ya karatasi mpaka halionekani rangi, limeandikwa jina na namba ya simu kwa kalamu nene, na nyuma yako kuna mtu amebeba dagaa kwenye mfuko wa salfeti.

Wafunge vizuri. Sato na sangara wagandishwe kabisa usiku mzima, wawekwe kwenye vifungashio viwili visivyovuja, kisha boksi gumu au la foamu. Barafu ya kumwagika usiweke, maana ikiyeyuka maji yanaingia kwenye mabegi ya wenzako na boksi linaweza kukataliwa. Waliogandishwa vizuri wanafika Dar wakiwa bado wagumu, kwa sababu ni saa 5 mlango hadi mlango kama nilivyosema juu. Kwa basi la saa 17 hesabu ni nyingine. Boksi linahesabiwa ndani ya kilo zako, kwa hiyo pima kabla hujatoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba, na wapigie shirika lako kuuliza masharti yao ya samaki. Dagaa wakavu wanakubalika kirahisi, ila harufu yao ifunge mara tatu.

Nimeachwa na ndege. Nikikimbilia basi nitawahi?

Kufika kabla ya abiria wa ndege inayofuata, karibu haiwezekani. Basi la jioni hii linaingia Mwanza kesho kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana, ndege ya kesho asubuhi inaweza kuwa imeshatua saa 2 na nusu. Kwanza nenda kaunta ya shirika hapo hapo uwanjani ukiwa na tiketi yako, uulize ndege inayofuata na kiasi cha kuongeza. Mashirika mengi yana ada ya kubadili tarehe na nyingine ya kutokuonekana bila kutoa taarifa, na ya pili ndiyo kubwa. Kwa hiyo ukiona foleni imekukamata Buguruni na muda unakwisha, piga simu kabla kaunta haijafungwa, usingoje kufika.